Mifumo isomane, lakini SOAP isizikwe mapema

Kauli ya "mifumo isomane", yaani mifumo ya kompyuta ya taasisi ipeane taarifa yenyewe, imezoeleka Dodoma kiasi kwamba hata muuza vifaa vya ofisini anayehudumia wizara za Mtumba anaitamka. Ubishi sasa uko kwenye namna ya kusomana. Vijana wengi wanaotengeneza mifumo watakuambia SOAP, utaratibu wa zamani wa mifumo kutumiana ujumbe, imezeeka; XML, lugha ya alama inayoandikia ujumbe huo, ina maneno mengi; kila kitu kiende kwa JSON, muundo mfupi zaidi wa kuandika data, kupitia REST, mtindo mwepesi wa kuutuma kwenye wavuti.

Wana hoja. JSON ni nyepesi, inasomeka kwa macho, programu ya simu inaimeza bila shida. SOAP 1.1 inamchosha msimamizi: kosa liwe la mtumaji au la seva, linarudi na msimbo uleule wa HTTP, 500, hivyo asipoufungua ujumbe wenyewe hajui ampigie nani simu. Tena kisomaji cha XML kisichofungiwa marejeo ya nje kinaweza kumtolea mdukuzi mafaili ya seva. OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, waliliweka tatizo hilo nafasi ya nne kwenye orodha yao ya 2017 ya hatari kubwa.

Hayo nayakubali. Kinachoninyima usingizi ni tarehe.

Chukua kiwanda cha mafuta ya alizeti Singida kinachomuuzia madumu msambazaji wa Dodoma, naye anapeleka kwenye taasisi za umma. Ankara inatoka kiwandani imeandikwa "06/07/2025". Kwetu hiyo ni 6 Julai. Programu iliyoachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani inasoma 7 Juni. Siku zote mbili zipo kwenye kalenda, kwa hiyo hakuna kinachogoma: seva inajibu 200, msimbo wa "imepokelewa salama", watu wanaendelea na chai. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali unaisha 30 Juni. Ankara ya mwaka mpya imeangukia mwaka uliokwisha kufungwa, deni linaonekana limechelewa kabla mzigo haujashushwa, na mhasibu ndiye anayeulizwa. Ubaya zaidi, kuanzia tarehe 13 ya kila mwezi kosa hujitaja lenyewe kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Zile siku za mwanzo wa mwezi ndizo zinazopita kimya. Leo kosa lipo, wiki ijayo halipo, na anayelitafuta anaambiwa mtandao ulisumbua. (Mtandao husingiziwa mengi.)

JSON haina aina ya tarehe. Kwake hayo ni maandishi tu. Kwenye SOAP, WSDL (faili linaloeleza huduma) na skima yake (kanuni za kila uga uwe na data ya aina gani) ni mkataba. Uga ukitajwa kuwa xs:date, yaani aina ya tarehe, kinachopita ni 2025-07-06. "06/07/2025" inakataliwa mlangoni na mtumaji anajua papo hapo. Vivyo hivyo "15,000" yenye mkato kwenye uga wa xs:decimal, yaani wa namba. Haya ndiyo "maneno mengi" yanayolalamikiwa. Ila ukaguzi wa skima lazima uwe umewashwa. Wapo wanaouzima ili seva iwe na kasi, halafu wanalaumu SOAP.

GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza 2017, haukufuata SOAP, lakini ulichagua ujumbe wa XML wenye saini ya kidijitali ndani yake. Ulinzi wa HTTPS, unaoficha data ikiwa njiani, unaishia muunganisho unapoishia. Saini inabaki na ujumbe, na siku ya kubishana nani alituma kiasi gani, unafunguliwa ujumbe wenyewe.

Mtetezi wa REST atajibu kwamba JSON nayo husainiwa, na kwamba JSON Schema na OpenAPI, viwango vya kueleza data na huduma za upande huo, huwezesha ukaguzi vilevile. Kweli kabisa. Tatizo ni kwamba huko ukaguzi ni hiari, na muda wa mradi ukibana, cha hiari ndicho hukatwa kwanza. Programu ya simu ya mteja ipewe JSON, sina ugomvi. Kwa ankara na malipo kati ya kampuni na kampuni, anayeondoa WSDL aonyeshe kwanza ukaguzi alioweka badala yake.

Kuupima ni rahisi. Kabla ya kusaini mapokezi ya mfumo, msimamizi atume kwenye seva ya majaribio ankara yenye "06/07/2025" na kiasi cha "15,000". Ikirudi 200, malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri.