Ungo Ulikuwa Mfuniko, Jamani

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya Mikindani, huku Mtwara, yenye mngurumo wa bodaboda kwa nyuma, eti mimi ni mwanga, mchawi wa kuruka na ungo usiku, nimeisikia. Nimetumiwa na shangazi yangu aliyeko Bariadi, ndipo nikajua imeshavuka mikoa. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, tunakunywa kahawa baraza moja, na mambo aliyoyasema ya kweli ni haya: nilikuwa uchi, ilikuwa saa nane usiku, na ungo ulikuwepo. Mengine yote katunga. Sasa acheni niseme mwenyewe, maana kufikia Ijumaa mtaambiwa nilitua.

Mafua ya Desemba hii mnayajua. Kwa wakwe zangu yalianza na mzee, akabanwa na kifua mpaka tukampeleka hospitali, akapimwa, akakutwa na UVIKO, akawekwa kwenye oksijeni. (Anaendelea vizuri, asanteni. Jana kaomba pweza.) Tuliobaki nyumbani tukaambiwa tupime wote. Mama mkwe, mistari miwili. Mke wangu, miwili. Shemeji yangu, yule mdogo asiyeumwa hata mafua tangu azaliwe, miwili. Mimi niliyekuwa natetemeka kwenye benchi kiasi cha kulitikisa na kuwasumbua waliokaa nalo, mstari mmoja.

Nikamwambia muuguzi arudie kuangalia. Akaangalia. Mmoja. Naye, Mungu ambariki, alieleza vizuri: kipimo cha haraka kinataka virusi vikutwe vingi puani, homa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kinaweza kukukosa, kwa hiyo hasi si kwamba huna, hasa ukiwa nyumba moja na waliokutwa nayo. Jitenge, urudi baada ya siku mbili. Maelezo marefu hayo. Mama mkwe alishika neno moja tu, "hasi."

"Alhamdulillah," akasema. "Tumepata mzima wa kutuuguza."

Mnaelewa nafasi ya mkwe, sina haja ya kufafanua. Nikabebeshwa ndoo za maji, nikakabidhiwa jiko, nikawa napeleka uji kila chumba nimevaa barakoa, huku magoti yananigongana. Nikikaa kidogo, shemeji anachungulia mlangoni: "Shem, umechoka nini na wewe ni mzima?" Nikimwambia naumwa ananijibu, na hili jibu ndilo limeniuma kuliko homa yenyewe: "Shem, mwaka 2020 hayati Magufuli alitwambia papai limekutwa na korona. Papai! Mbuzi naye akakutwa nayo. Wewe mtu mzima na pua zako umekosa?"

Ushahidi mnautaka? Nilikaanga changu, nikasimama hapo hapo juu ya karai, samaki wakaungua mpaka wakawa mkaa na mimi sikusikia harufu yoyote. Mke wangu alikuwa dirishani, hakusikia. Mama mkwe, vilevile. Aliyesikia ni jirani wa nyumba ya pili, akaja mbio na kitambaa mdomoni akidhani nyumba inawaka. Nyumba nzima haikuwa na pua hata moja, lakini eti wagonjwa ni watatu.

Sasa tufike kwenye nyungu.

Kila jioni mama mkwe alikuwa anachemsha majani: mwarobaini, mlimau, mpera, mchaichai, na mkaratusi alioletewa na jirani. Wanajifunika blanketi wao, wanatoka wamelowa jasho, wanasema, "Yaani kifua kimefunguka!" Na mimi kifua changu kimefungwa kama gunia la korosho lililoshonwa tayari kwa mnada. Nikisogea, mama mkwe ananizuia kwa mkono: "Hapana, baba. Huo mvuke wa wagonjwa. Wewe utakupa maradhi bure." Daktari gani wa kumwambia tofauti? Mzee yuko hospitali, mke wangu anacheka mpaka anakohoa.

Usiku ule homa ilinipanda vibaya. Nikaamka polepole, nikaenda jikoni uani, majani ya jioni yalikuwepo, makaa yalikuwepo. Nikachemsha. Mfuniko wa sufuria sikuuona gizani, nikachukua ungo uliotundikwa ukutani nikafunikia. NIKAFUNIKIA SUFURIA. Naandika kwa herufi kubwa kwa faida ya mwenye ile sauti. Nguo nikavua, maana nyungu haipigwi na jinzi, nikajifunga kanga ya mke wangu, nikakaa kwenye kigoda, blanketi juu.

Nawaambia, kile kitu ni kizuri. Mvuke uliingia, pua ikalia pwii, upande mmoja ukafunguka. Nikashusha kanga kidogo. Nikaishusha tena. Mwisho ikawa chini ya kigoda na mimi nikawa kama nilivyozaliwa, nagumia kwa raha, "mmmh, mmmh," ndani ya blanketi, gizani, peke yangu duniani.

Ndipo nikasikia malapa.

Chapa. Chapa. Mtu anakwenda choo cha uani, na njia ya chooni inapita mlango wa jiko. Chapa. Nikaacha kugumia. Nikabana pumzi. Nilipanga hivi: nikitulia, atapita, nitakuwa kifurushi tu cha blanketi. Malapa yakasimama. Mwanga wa simu ukapenya kwenye nyuzi za blanketi, nikauona unapanda taratibu kutoka miguuni kwangu hadi kichwani. Jiweke nafasi yake yeye: furushi limekaa kwenye kigoda, moshi unatoka pande zote, pembeni ungo.

Halafu furushi likakohoa.

Sikupenda. Ulikuwa ule mtekenyo wa koo, unabana unabana halafu unaachia wote. Nikasikia, "A'udhubillahi!" na Ayatul Kursiy ikaanza, haraka, sauti ya mama mkwe kabisa. Nikataka kusema, "Ni mimi, mama." Koo langu, lililokuwa limekauka tangu asubuhi, likatoa kitu kama mlango wa banda la kuku: "Khhhiii khhhmmaaa." Ayatul Kursiy ikaongezwa kasi. Nikaona heri nisimame anione sura. Hapo ndipo hesabu zangu zilipoharibika, kwa sababu nilisahau kanga iko wapi.

Nilivyonyanyuka tu, likaja kopo la maji ya chooni, maji yote, mengine kwangu na mengine kwenye makaa. Jiko likapiga kelele shwaaaa, wingu likajaa mpaka darini, blanketi likalowa likawa zito, likaanza kuteleza begani. Nalivuta huku, linakwenda kule. Mama mkwe akapiga teke bila kuangalia, likaupata ungo, ungo ukaruka ukagonga mlango. Blanketi likaanguka. Wingu likapungua. Tochi bado inawaka.

Tulitazamana. Mimi na mama mzazi wa mke wangu. Niliokota kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ile kanga, nikaitandaza mbele kwa mikono miwili, na maandishi yakawa yanamtazama yeye moja kwa moja: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Wala hajasoma. Alipiga ukelele mmoja tu, "Wanga jamaniii!" na mtaa mzima ukawa uani.

Hebu jumlisheni wenyewe. Nyumba nzima inaumwa isipokuwa mkwe. Mkwe kakutwa uchi usiku wa manane, na moto, na ungo. Na kwao ni Bariadi, wilaya ile ile yenye Gamboshi, kijiji kinachovumishwa kwa uchawi, hata kama kwetu na Gamboshi ni mbali na sijawahi kufika. Mnaocheka nawaona. Wale wa "tuma video" hakuna video, mwenye simu yenye tochi alikuwa anakimbia nayo.

Rafiki yangu alifika na pikipiki yake, akanikuta nimevaa blanketi bichi, akaniuliza kwa upole sana, "Kaka, ulikuwa unaenda au ndiyo unarudi?" Mke wangu alieleza watu, lakini anaeleza anacheka anakohoa, hakuna aliyemwelewa.

Yaliyofuata ni machache. Siku ya kurudi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, kijiti cha pamba kikaingia mpaka nikatoa machozi, tukangoja robo saa, mstari wa pili ukajitokeza mwembamba, baadaye ukakolea vizuri. Sijawahi kupenda mstari namna ile. Shemeji alikuwa nyumbani anasubiri, nikampigia simu, naye akasimama barazani kutangaza: "Shemeji anayo! Anayo kweli jamani, si mwanga!" Jirani wa samaki walioungua akapiga kigelegele. Nadhani ni kigelegele pekee kilichopigiwa korona kusini yote.

Siku hizi najifukiza saa kumi jioni, hadharani, nimevaa bukta na fulana. Mama mkwe majani ananichemshia mwenyewe, ila sufuria analiacha mlangoni na kugeuka kabla sijatoka. Salamu tunapeana kupitia ukutani. Rafiki yangu kaahidi kurekodi sauti nyingine ya kusahihisha, lakini kwanza anasisitiza nimwambie ule ungo ulipoondoka jikoni uliruka kimo gani.