Ramadhani imenifundisha kufunga Kwaresima

Mimi ni Mkatoliki, na Mkatoliki nitakufa. Lakini Ramadhani ndiyo iliyonifundisha kufunga, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Ukiishi Ngamiani, Tanga, mwezi huu haukupiti kando. Kuanzia alasiri mtaa mzima unanukia nazi: mihogo, magimbi na maharage viko jikoni, uji wa pilipili manga unapozwa. Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bibi, hutuletea sinia lililofunikwa kawa kabla ya adhana ya magharibi. Hajatia hata maji kinywani tangu alfajiri, lakini sisi tuliokula mchana tunapata chetu kabla yeye hajafungua hata kwa tende.

Kanisa linatudai kufunga chakula siku 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kuacha nyama siku za Ijumaa. Mengine tumeachiwa dhamiri zetu. Nauheshimu uhuru huo, ila Wakristo wengi tunautumia kuacha soda au nyama, na pesa iliyookolewa inabaki mfukoni.

Waislamu wana zakatul-fitri. Kabla ya swala ya Idd, mkuu wa nyumba anamtolea kila aliye chini yake, hata mtoto mchanga, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, kama kilo 2 na nusu za mchele. Wala si ya matajiri peke yao: aliyebakiwa na chakula kuzidi mahitaji ya nyumba yake siku hiyo anatoa. Nimemwona Bibi akipima ya wajukuu zake, akimtaja kila mmoja jina kabla ya kumimina. Isaya 58, inayosomwa kwetu Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, inasema mfungo anaoutaka Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula. Pale kibarazani kwa Bibi ndipo nilipouona ukitendeka.

Wapo wanaoniambia huku ni kuchanganya dini. Siswali tarawehe wala sikeshi kuutafuta usiku wa Lailatul-Qadri. Hiyo ni ibada yao, na kuivaa kama kanzu ya kuazima kungekuwa kuwavunjia heshima. Ila Qurani yenyewe, Al-Baqara aya ya 183, inasema waumini wamefaradhishiwa saumu kama walivyofaradhishiwa waliokuwa kabla yao. Basi kwa nini mimi nione haya kujifunza kwa jirani?

Nyumbani kwetu sasa Kwaresima nayo ina pishi yake. Tunapima mchele kwa kila kichwa, wa kitinda mimba ukiwemo, na unapelekwa Jumamosi Kuu ili aliyeupokea apike Pasaka. Natamani jumuiya zetu ndogondogo zilichukue jambo hili, kila familia ipime ya kwake, hata wale ambao bahasha ya sadaka huwashinda.