Mabao matano ya Robertinho yalikuwa ya nani?

Simba ilipopigwa 5-1 na Yanga, Novemba 5, 2023, kocha Roberto Oliveira 'Robertinho' alidumu siku mbili tu kabla ya kutupiwa virago. Wengi waliona sawa. Kipigo cha mtani hakisameheki, na mtu wa kwanza kuondoka ni kocha.

Ila kocha huyo ndiye aliyeifunga Yanga hiyo hiyo 2-0 mwezi Aprili, akaichapa tena kwa penalti mwezi Agosti kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, na hadi anaingia kwenye mechi ile ya Novemba hakuwa amepoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo. Sasa watazame wafungaji wa Yanga: Musonda, Aziz Ki, Pacome na Max Nzengeli aliyefunga mawili. Max na Pacome walikuwa wamesajiliwa miezi michache tu nyuma, Musonda Januari ya mwaka huo, Aziz Ki mwaka mmoja kabla. Mabao yote matano yalitoka kwenye madirisha matatu ya usajili, na kocha wa Simba hakuwa na la kufanya na hata dirisha moja kati ya hayo.

Mabosi wa klabu wana hoja yao, kwamba ubingwa hujengwa na hela wala si kocha, na ni nzito. Tangu 2018 hadi 2025 ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara umekwenda Simba mara nne mfululizo, kisha Yanga mara nne mfululizo. Hesabu makocha waliomaliza misimu hiyo na kombe: Lechantre, Aussems, Vandenbroeck na Gomes kwa Simba, kila mmoja na msimu wake, halafu Nabi mara mbili, Gamondi na Hamdi kwa Yanga. Mataji manane, makocha saba. Msimu wa 2024/25 ndio unaochekesha kabisa. Yanga ilianza na Gamondi, ikamtimua Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, ikamleta Ramovic, naye Februari akapanda ndege kwenda Belouizdad ya Algeria, akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu, ligi moja, kombe likabaki Jangwani, makao ya Yanga.

Kwa hiyo bosi akisema ubingwa unajengwa na anayetoa hela, takwimu ziko upande wake. Mwekezaji Mo Dewji na bilioni zake Msimbazi, kwa Simba, na mfadhili GSM na rais wa klabu Hersi Said kule Jangwani, ndio waliobaki wakati makocha wanapita. Na makocha nao wanapita kwa hiari yao pia: Vandenbroeck aliiacha Simba Januari 2021, mara tu baada ya kuipeleka makundi ya Ligi ya Mabingwa. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, na Septemba akaenda zake Raja ya Morocco. Unamjengea mtu kikosi, anakuachia funguo. Hilo linauma, sikatai.

Lakini hoja hiyo hiyo ikigeuzwa inawakaba wenyewe. Kama kocha hana uzito mkubwa kwenye ubingwa, kwa nini awe na uzito wote kwenye kipigo? Makocha saba kwa mataji manane maana yake kikosi ndicho kinachoamua, na kikosi kina mwenyewe. Simba ilimsajili tena Luis Miquissone 2023, hakuwa Luis yule wa mwanzo. Aubin Kramo alikuja, akaishia kwa daktari. Inawezekana kabisa Robertinho alikubali majina hayo, hata aliyapenda. Tatizo ni kwamba sisi wa nje hatujui nani aliomba nani, na kutojua huko kunamfaa bosi. Mchezaji aking'ara, ni usajili wa mwekezaji. Akichuja, kocha kashindwa kumtumia.

Mfumo wetu nao unasaidia. Kwenye mpango wa umiliki wa Simba wanachama wana asilimia 51 na mwekezaji 49 kwa Sh bilioni 20. Mwekezaji hafukuziki. Viongozi wanangoja uchaguzi, na hata Simba ilipopangua bodi yake 2024, ilikuwa baada ya misimu mitatu bila ubingwa. Kocha anaweza kuondolewa kwa barua moja usiku, na Jumapili mashabiki wamepoa.

Dawa ni ndogo na haina gharama. Kila dirisha linapofungwa, klabu itoe orodha: huyu aliombwa na kocha, huyu kaletwa na kamati ya usajili, huyu ni chaguo la mwekezaji. Ningeanza na orodha ya 2023 ya Simba, nione Robertinho alikuwa na majina mangapi.