Ami Anasikia, Msimseme Kama Hayupo

Naandika bado nina hasira. Juzi nilikwenda Makorora, hapa Tanga, kumjulia hali ami yangu, ambaye kiharusi kimemwacha hawezi kutamka neno wala kuinua mkono. Akaingia mgeni, mtu mzima wa kuheshimika, akaketi pembeni mwa kitanda bila hata kumpa mgonjwa salamu, akamwuliza mama mdogo: "Huyu bado anajua kitu, au ndiyo basi tena?" Ami amemkazia macho. Kisha yakafuata maneno ya shamba la Pongwe, kwamba bora liuzwe mapema lisije likavamiwa. Yote hayo mbele ya mwenye shamba!

Siku hizi klipu za mitambo inayounganisha ubongo na kompyuta zinazunguka kwenye kila kundi la WhatsApp, na watu wanaogopa kusomwa siri zao. Mimi nikiziona namfikiria ami.

Seli za neva huzungumza kwa umeme mdogo sana. Ukitaka kutamka "ba", kundi la seli kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza midomo na ulimi hutoa umeme kwa mpangilio wake. Ukitaka "ki", mpangilio mwingine. Kiharusi kinapopiga shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayopitisha amri kwenda mwilini, amri inatoka vizuri kabisa ila haifiki mdomoni. Basi madaktari huweka elektrodi, vidude vidogo vya kunasa umeme, pale amri inapoanzia. Mgonjwa huonyeshwa sentensi kwenye skrini, anajitahidi kuzitamka kimyakimya, tena na tena, mpaka kompyuta ijue umeme upi ni wa sauti ipi. Ipo pia njia ya kuvaa kofia yenye elektrodi bila upasuaji, na Hans Berger wa Ujerumani alinasa umeme wa ubongo juu ya kichwa cha mtu tangu 1924, lakini fuvu hufifisha ishara, na kwa maneno ya haraka haitoshi.

Mwaka 2012 Cathy Hutchinson wa Marekani, aliyepooza kwa takriban miaka 15, aliongoza mkono wa roboti kwa ubongo wake, akajinywesha kahawa. Mwaka 2023 wataalamu wa San Francisco walieleza habari za mama mmoja, Ann, ambaye kiharusi cha shina la ubongo kilimnyang'anya sauti kwa miaka 18. Walimwekea utando mwembamba wenye elektrodi 253 juu ya ubongo, akafikia maneno 78 kwa dakika, na sauti ya kompyuta ikatengenezwa ifanane na yake mwenyewe kutoka kwenye video ya harusi yake. Ilikosea karibu neno moja kwa kila manne, sawa. Lakini miaka 18! Muda wote huo maneno yalikuwemo kichwani mwake, mazima. Ni wangapi hapa Tanga tumeshawafanya mapambo ya chumbani, tunagawana mali zao wakitusikiliza?

Nakubali, maana ni kweli, kwamba kuna kiharusi kinachoharibu sehemu ya lugha yenyewe, na hapo mtambo huu hauna amri ya kuchukua. Hata huyo mtambue na umsalimie. Nakubali pia kwamba ni upasuaji wa kichwa, bado uko kwenye majaribio, na waliowekewa ni wachache dunia nzima. Lakini kifaa cha kusikia kinachopandikizwa tulikifuata India kwa miaka mingi, na mwaka 2017 Muhimbili wakaanza kukiweka.

Kinachonisumbua zaidi ni lugha. Mtambo wa Ann ulifundishwa sauti 39 za Kiingereza, na ukikwama unabashiri neno linalofuata kwa mazoea ya Kiingereza. Ukimletea ami hivyo hivyo utamfaa nini? Vyuo vyetu vianze sasa kukusanya usemi wa Kiswahili, ukiwemo wa wazee na wa wagonjwa wenye ulimi mzito, siyo kusubiri vifaa vifike bandarini ndipo tushtuke.

Siri za ubongo nazo zilindwe: Chile waliingiza ulinzi huo kwenye katiba yao mwaka 2021, na sheria yetu ya taarifa binafsi ya 2022 iongezwe meno.

Ila ami hawezi kusubiri vyuo. Binti yake amekata ubavu wa boksi, akaandika silabi kwa kalamu nene: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, kama tulivyosomeshwa darasa la kwanza. Anapitisha kidole mstari kwa mstari. Ami akiutaka mstari, anainua macho juu, kisha wanatafuta irabu. Mgeni alipoondoka, ami aliomba boksi kwa kulitazama. Kidole kikapita polepole. Si. U. Zi.

Siuzi.

Mama mdogo alilia, na shamba haliuzwi.

Mgonjwa asiyesema asitoke hospitali yoyote bila ubao wa namna hii; ni karatasi tu na muuguzi wa kuwaonyesha ndugu unavyotumika. Binti yake ameniruhusu kuupiga picha, nitaiweka hapa kesho. Chapisheni kwa herufi kubwa, na mistari iachane vya kutosha, maana macho ya mgonjwa huchoka upesi.