Ceni na lile neno la "kocha wa timu ndogo"

Wanaomponda Rogério Ceni, kipa wa zamani wa Brazil aliyegeuka kocha, wana wimbo mmoja tangu 2017: timu ya kawaida anaiweza, timu kubwa zinamshinda. Hoja yao ina miguu. São Paulo, klabu aliyoidakia mechi 1,237, ilimpa mikoba hajawahi kufundisha popote, na Julai mwaka huohuo ikamtimua timu ikiwa eneo la kushuka daraja. Cruzeiro alikaa mechi nane, akakorofishana na wakongwe wa kikosi, akafungashiwa virago. Flamengo walimchukua Novemba 2020, na hata hajatimiza mwezi kazini tayari walikuwa nje ya Kombe la Brazil na Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini.

Hayo ni kweli. Ila Cruzeiro walileta makocha wengine wawili baada yake na bado wakashuka daraja, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hilo nalo tumlaumu Ceni?

Halafu kuna Februari 25, 2021, siku ya mwisho ya ligi. Flamengo wamefungwa 2-1 na São Paulo pale Morumbi, uwanja uleule aliodakia miaka yote. Filimbi imelia, hakuna anayeshangilia. Wanasubiri habari za Porto Alegre, ambako Internacional wakipata bao moja tu dhidi ya Corinthians, kombe ni lao. Dakika za lala salama Edenilson aliuweka mpira wavuni, kumbe ameotea. Ikabaki 0-0. Pointi 71 kwa 70, Ceni bingwa wa Brazil siku aliyofungwa.

"Ubingwa wa bahati," wakasema, na bado wanasema. Mimi neno hilo linanikera. Aliikuta timu iliyotoka kupigwa 4-1 na São Paulo na 4-0 na Atlético Mineiro katika wiki moja. Alichofanya ni kumshusha kiungo, Willian Arão, acheze beki wa kati ili mpira utoke nyuma ukiwa na akili. Watu walicheka. Lakini wazo hilo lingetoka kwa nani kama si kwa kipa mwenye mabao 131? Machi 27, 2011, dhidi ya Corinthians, alitoka golini kwake akavuka uwanja mzima, akauzungusha mpira wa adhabu juu ya ukuta hadi pembeni juu: bao la 100. Mtu wa namna hiyo hawezi kumtazama beki kama mtu wa kubutua tu.

Fortaleza walimwacha afanye kazi. Wakachukua ubingwa wa daraja la pili 2018, na 2019 wakabeba kombe la jimbo la Ceará na Kombe la Kaskazini-Mashariki. Kosa lake ni kwamba aliwaacha katikati ya msimu mara mbili, kwa hiari yake, akikimbilia majina makubwa: Cruzeiro, kisha Flamengo. Hapo simtetei.

Na kuna doa jingine ambalo hata mimi linanisumbua: kurudi kwake São Paulo, Oktoba 2021 hadi Aprili 2023. Safari hiyo muda aliupata. Fainali ya Paulista 2022, ubingwa wa jimbo la São Paulo, alishinda 3-1 nyumbani, akaenda kwa Palmeiras akala 4-0. Miezi michache baadaye akapoteza fainali ya Sudamericana, kombe la pili kwa ukubwa Amerika Kusini, kwa Independiente del Valle ya Ecuador, 2-0. Klabu ilikuwa na madeni, sawa, lakini bao 4-0 halielezwi kwa madeni.

Bahia, klabu ya jiji la Salvador, walimchukua Septemba 2023, wakanusurika kushuka siku ya mwisho kwa kuwafunga Atlético Mineiro 4-1. Kwingine, kocha aliyenusurika hivyo huagwa Januari. Wao wakamwachia timu, akamkuta tena Everton Ribeiro, nahodha wake wa Flamengo. Msimu wa 2024 wakamaliza nafasi ya 8, na 2025 Salvador ikaona Libertadores, mara ya kwanza tangu 1989.