Gramu 180 Hazina Sauti

Ninazo santuri mbili za Otis Blue, albamu ya Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani. Moja ni ya mwaka 1965, mono (sauti yote kwenye njia moja), lebo ya Volt, jaketi lake limechanika ukingoni. Nyingine ni toleo jipya, stereo (sauti imegawanywa kulia na kushoto), nzito ya gramu 180 kama stika yake inavyojigamba, niliinunua ikiwa bado ndani ya nailoni. Rafiki akija nyumbani humpigia zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Mara nyingi huchagua ile kuukuu, mikwaruzo yake ikisikika waziwazi.

Si kwa sababu ya uzee. Plastiki haiivi kama embe. Sehemu kubwa ya albamu hii ilirekodiwa Memphis, Marekani, tarehe 9 na 10 Julai 1965, katika studio ya Stax iliyokuwa zamani ukumbi wa sinema, na sakafu yake ilibaki na ule mteremko wa sinema. Fundi sauti Tom Dowd ndiye aliyekuwa kwenye mitambo. Siku hizo muziki wa soul ulisikilizwa kwenye redio ndogo na jukiboksi (mashine za baa za kupiga santuri kwa sarafu), kwa hiyo mono ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kwenye nakala yangu ya zamani, besi ya Donald Dunn na ngoma za Al Jackson Jr. zimeshikamana katikati, na vyombo vya kupuliza vinamsukuma Otis kwa nyuma. Kwenye ile mpya kila kitu kimetawanywa kulia na kushoto, pamebaki pengo pale ambapo wimbo unapaswa kunipiga kifuani. Isitoshe, wimbo I've Been Loving You Too Long wa kwenye stereo ilirekodiwa upya. Huo si ule uimbaji wa mono!

Ndiyo maana uzito unaotangazwa kwenye stika haunigusi. Sauti inatokana na kanda ya studio iliyotumika na mkono wa fundi aliyechonga mifereji ya santuri. Kanda ikinakiliwa, kila nakala huongeza mvumo na kupunguza ukali wa matoazi. Fundi akibana sauti ili kila kitu kiwe juu, ngoma haina tena pa kurukia.

Lakini sitamdanganya mtu akatupe fedha kwa kila kitu cha zamani. Single nyingi (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) za Marekani za miaka ya 60 zilitengenezwa kwa polistirini, aina ya plastiki ambayo sindano mbovu huila haraka. Nimewahi kulipa pesa nyingi kwa moja iliyong'aa kama kioo, nikaishia kusikia mchakacho kila mwimbaji alipopandisha sauti. Toleo jipya lililochongwa vizuri lingenifaa zaidi.

Wala sina ugomvi na dijitali. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni iliyosifiwa sana kwa santuri zake, ilikuwa ikigeuza kanda nyingi kuwa dijitali kabla ya kuchonga santuri, tangu 2011. Hata wenye masikio makali walikuwa wamezisifu santuri hizo. Kilichowauma ni kutoambiwa, nami nawaelewa kabisa. Anayeuza santuri kwa bei ya kiatu kizuri aandike wazi: kanda ipi, fundi nani, dijitali au la.

Mwenye fedha kidogo akiniuliza, namwambia atafute mono, ya zamani au mpya, kisha ageuze jaketi asome nani aliyechonga. Jina lisipokuwepo, mimi huirudisha kwenye rafu.