Bwawa linalonuka klorini si bwawa safi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mtoto wa dada yangu mwenye miaka tisa alitoka kwenye bwawa letu hapa Bangwe, Kigoma, akipapasa ukuta kwa mkono. "Mjomba, macho yananiwasha," aliniambia, na alipoyafungua yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi wa kuni. Nilichofanya jioni ile bado kinaniuma. Sikupima chochote. Nilidhani klorini imepungua, nikaongeza vikombe viwili vya unga. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na harufu ilikupokea kuanzia getini.

Nina majirani wawili wenye mabwawa, na wote wanayatunza kama nilivyokuwa nikilitunza langu: kwa pua. Nawaelewa. Sisi wa Kigoma tumeijua klorini kupitia kipindupindu. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga na ugonjwa ukazuka, harufu ile ilikuwa harufu ya usalama. Ukiisikia, roho inatulia. Kwenye bwawa harufu hiyohiyo inatupotosha, maana kinachonuka pale kwa kawaida si klorini iliyo tayari kwa kazi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inashikana navyo, inakuwa kloramini. Kloramini ndiyo inayonuka, ndiyo inayochoma macho na kuwasha koo, na nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo mno. Klorini huru ikiwa kwenye kiwango chake, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na maji yakawa yametunzwa, unaweza kukaa ukingoni ukanywa chai bila kuisikia.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa jingine, na hili linatuhusu hasa sisi wa mwambao wa Tanganyika. Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani, na maji ya ziwa hili yana magadi. pH yake, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, inakaribia 9. Bwawa linataka kati ya 7.2 na 7.8. Ukiitazama kwa tarakimu ni tofauti ndogo, lakini kwa klorini ni mbingu na ardhi. Ndani ya maji klorini inagawanyika mafungu mawili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua, na haipokloraiti, ambayo ni nzito wa kazi. pH ikiwa 7.5 yanagawana nusu kwa nusu. Ikipanda hadi 8.5, fungu linaloua linabaki karibu sehemu 10 katika 100. Ikifika 9 ni sehemu 3 hivi. Yaani unalipa kilo nzima dukani, kazi inafanywa na gramu 30.

Na unga tuliouzoea, ule wa kalsiamu haipokloraiti, wenyewe unapandisha pH. Kila nilipoongeza kikombe nilikuwa naifunga mikono klorini ileile niliyoimwaga. Weupe wa asubuhi ile ulikuwa chokaa iliyojitenga na maji, ambayo baadaye iliganda kwenye vigae na kuniachia mstari wa kijivu kuzunguka bwawa lote. Mpaka leo nausugua.

Dawa yake ni asidi, na inataka subira. Maji ya ziwa ni mabishi. Unashusha pH leo hadi 7.4, baada ya siku chache imepanda tena, kwa sababu alkalini iliyomo, yaani magadi yanayopingana na asidi, inapita miligramu 300 kwa lita wakati bwawa linahitaji 80 hadi 120. Mimi nina bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha mita moja na nusu, yaani lita 48,000, na ilinichukua wiki mbili kuishusha kidogokidogo. Pampu inazunguka, watoto wako ndani ya nyumba, asidi inamiminwa kwenye ndoo yenye maji. Usimimine maji kwenye asidi hata siku moja. Na asidi isikae banda moja na klorini. Vikikutana vinatoa gesi ya sumu, na banda la pampu ni dogo, mtu hapati hata nafasi ya kugeuka.

Kuhusu kupima nina msimamo mkali. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa cha matone yanayogeuza maji kuwa njano. Kinakuonyesha klorini yote kwa mkupuo, inayofanya kazi na iliyokwisha kufungwa. Jumapili ile kilitoa njano nzito, nami nikaridhika. Wiki iliyofuata nilipata kipimo cha vidonge vya DPD, ambavyo hugeuza maji kuwa ya waridi: kidonge namba 1 kinatoa klorini huru, namba 3 kinatoa ya jumla, ukitoa moja kwa nyingine unapata kloramini. Nilipata huru 0.6 na jumla 2.4. Kwa hiyo watoto walikuwa wakiogelea kwenye kloramini ya 1.8, nami niliyewaruhusu nikiamini nimewalinda.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mwanzoni nililikataa: kloramini inaondolewa kwa klorini, ila si kwa kudonoadonoa. Unapiga dozi moja nzito, mara 10 ya kloramini uliyoipima. Kwangu ilikuwa miligramu 18 kwa lita, karibu kilo 1.3 za unga wa asilimia 65, tena baada ya pH kukaa sawa. Nusu dozi inakuongezea kloramini tu. Bwawa lilifungwa mpaka kipimo kiliposhuka chini ya 3, na mpwa wangu alikuja kila jioni na taulo begani kuuliza kama bado.

Jua letu la kiangazi nalo linakula klorini. Saa mbili za mchana mweupe zinaweza kuondoa sehemu kubwa kama maji hayana asidi ya sayanuriki ya kuikinga, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Ndiyo maana natia dawa baada ya magharibi. Vidonge vya trikloro, aina nyingine ya klorini ya bwawa, vinakuja na kinga hiyo ndani, lakini inajilimbikiza mwezi hadi mwezi na ikizidi inaipumbaza klorini, na haitoki mpaka umwage sehemu ya maji.

Kuna duka moja lililokuwa likiniuzia unga kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi. Nilinunua miezi minane bila kuuliza. Sasa sinunui kitu kisicho na lebo, kwa sababu kalsiamu haipokloraiti na trikloro zikichanganywa zinaweza kuwaka moto, na kwa macho ya mtu wa kawaida unga mweupe ni unga mweupe. Mwenye duka akikasirika, akasirike.

Jambo la bei rahisi kuliko yote ndilo lililonipa ugomvi nyumbani: kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, na kwenda chooni kwanza. Wageni wanaona nawadharau. Dada yangu mwenyewe aliniambia, "Kwani watoto wangu wachafu?" Nilimweleza kwamba mtoto akicheza mpira saa nzima jasho lake linakula klorini iliyowekwa kwa ajili ya vijidudu vya kuhara. Mtoto anayeharisha haingii kabisa, hata alie vipi. Kimelea cha kriptosporidiamu kinaweza kuvumilia siku 10 kwenye klorini ya miligramu 1, wakati bakteria wengi wanakufa ndani ya dakika chache.

Sasa upimaji ni kazi ya mpwa wangu, asubuhi na jioni, mimi nikiwa pembeni. Anakoroga kidonge, ananyanyua kichupa kwenye mwanga, anafumba jicho moja, kisha anaandika kwenye daftari la mistari. Ukurasa wa jana unasema: klorini 2, pH 7.6. Chini yake, kwa herufi kubwa: TUNAINGIA.